Kwa nini kasuku wa mujomba aliuma

Wengi mnanijua kama mtu wa muhogo, kwa maana memwari yangu ilikuwa juu ya ugonjwa wa mozaiki. Leo sina muhogo. Nina alama ndogo kwenye kidole gumba cha mkono wa kuume, na historia iliyo nyuma yake, ambayo ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa.

Ilikuwa mwezi wa tano 2019. Mujomba wangu anafanya biashara ya chumvi na sabuni kati ya hapa na Shabunda. Barabara ya Shabunda mnaijua, kwa hiyo yeye anapanda ndege ndogo zile za mizigo. Siku hiyo alishuka Kavumu, akafika nyumbani na bido la njano lililokatwa juu na kufunikwa na wavu. "Mupwa, nimekuletea zawadi ya kumaliza masomo." Ndani mulikuwa kasuku. Mdogo, wa kijivu, mkia mwekundu wenye weusi bado kwenye ncha, na macho meusi kabisa. Hayo macho nilikuja kuyaelewa baadaye: kasuku mkubwa ana macho ya manjano hafifu. Mwenye macho meusi ni mtoto. Mabawa yake yote mawili yalikuwa yamekatwa na makasi, vibaya, upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Nikaingiza mkono. Alitoa sauti ambayo sikujua kama ndege anaweza kuitoa, ngurumo nzito, kama mashine ya kusaga inayokataa kuwaka. Sikuielewa ile ngurumo. Nikaendelea na mkono wangu. Akashika kidole gumba, akafunga mdomo, akazungusha. Damu ilidondoka kwenye sima aliyokuwa mama amemaliza kupangusa.

"Tosha ile nyama mu nyumba!" mama alisema.

Washauri hawakukosekana. Jirani wa kwanza: "Kila akiluma, umupige na kidole ku mudomo. Ataheshimu." Wa pili alileta mambo ya pilipili. Mzee mmoja wa kartye alisema nimunyime chakula siku mbili, njaa itamfundisha. Nilifuata shauri la kwanza. Siandiki hili kwa kujisifu. Nilimpiga mara tatu, siku moja. Kwa siku mbili zilizofuata hakula kitu, alisimama amegeuzia uso ukutani, na kila nikipita alinguruma hata kama sikumtazama.

Wakati huo huo, nyumba ya mbele yetu walikuwa na peruche wawili wa bluu walioletwa kutoka Kigali. Binti yao wa miaka saba alikuwa anaingiza mkono kwenye kitundu, na peruche anapanda kidole kama anapanda basi. Yule mdogo kati ya wawili alikuwa anauma pia, ila ilikuwa kama kubanwa na kibanio cha nguo. Mimi nikatazama kidole changu. Wote wawili ni ukoo wa mdomo uliopinda, wote wana vidole viwili mbele na viwili nyuma. Kwa nini mmoja anapanda mkono na mwingine anaukata?

Agronomu akipewa mmea unaokataa shamba, swali lake la kwanza ni moja: mbegu imetoka wapi? Nilitumia miaka mitano kulijifunza swali hilo, halafu sikumuuliza mujomba.

Nianze na peruche, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri. Yule mdogo wa kijani na manjano ni ndege wa jangwa la Australia, anatembea kwa makundi makubwa akifuata mvua na mbegu za majani. Wazungu walimpa jina la kisayansi mwaka 1805 kwa mzoga uliokaushwa. Mwaka 1840 John Gould, Mwingereza aliyekuwa anachora ndege, alirudi kutoka Australia na walio hai. Ndege huyu anakubali kuzaa kwenye sanduku la mti, anakula ulezi, na anaanza kutaga kabla hajatimiza mwaka. Kwa mfugaji hiyo ni dhahabu. Mwaka 1894 Australia ilifunga mlango wa kuwatoa nje, lakini ilikuwa imechelewa, Ulaya ilikuwa inazalisha wake yenyewe.

Na nani alikuwa mbele katika kazi hiyo? Wabelgiji. Rangi ya bluu, ambayo porini karibu haionekani, ilijitokeza katika vitundu vya Ubelgiji karibu na mwaka 1880, na mwaka 1910 peruche wa bluu walionyeshwa London, watu wakashangaa. Miaka ya 1920 Wajapani walikuwa wanawanunua kwa bei ya kichaa. Hebu fikirieni hilo kidogo: katika miaka ile ile ambayo Leopold II alikuwa anahesabu kilo za mpira kutoka kwetu, kulikuwa na mtu katika nchi yake anaandika kwenye daftari ni dume gani wa peruche alizaa mtoto wa bluu. Sisemi yule mtu alikuwa na kosa. Nasema tu kwamba daftari lilikuwepo.

Kwa hiyo peruche wa jirani yetu alikuwa na karibu vizazi mia nyuma yake vilivyozaliwa ndani ya kitundu. Katika kila kizazi, mfugaji alibakiza wanaotulia na kuzaa, wanaojigonga kwenye waya walikufa au waliuzwa. Ni kazi ile ile tuliyosoma kwenye mahindi na kuku. Upole wake una mababu.

Sasa kasuku. Jina lenyewe ni la zamani kwetu. Kiswahili kina kasuku na kina kusu, na kutoka kwa Wakongo wa magharibi hadi kwa Waluba neno nkusu ni ndege huyu huyu. Katika sehemu nyingi za bonde la Kongo manyoya mekundu ya mkia wake yalikuwa alama ya cheo. Kwa Bakuba wa Kasai, kwa mfano, huwezi kuyavaa kichwani kwa kujipendea. Lakini unyoya unaweza kuokotwa chini ya mti wanapolala, na ndege akaendelea na maisha yake.

Ni biashara ya mbali iliyomtaka akiwa mzima. Ulaya ilianza kumpata kwa meli za Wareno kutoka pwani ya magharibi. Kuna mmoja ambaye bado anaonekana hadi leo: kasuku wa kijivu wa Frances Stuart, Duchess wa Richmond, aliyekufa 1702. Ndege alikufa muda mfupi baada ya bibi yake, wakamkausha, na yupo Westminster Abbey, London, karibu na sanamu ya huyo bibi. Watu wanasimama pale na kusema alikuwa anampenda sana. Inawezekana. Kasuku wanashikamana na mmoja maisha yote, na kama hakuna kasuku mwenzake atashikamana na duchess.

Tofauti kubwa na peruche ni hii: kasuku hana haraka. Anachukua miaka kukomaa, anataga mayai machache ndani ya tundu la mti mrefu, na watoto wanakaa humo wiki kumi na mbili hivi. Kumzalisha ni kazi ya uvumilivu na pesa. Kumtoa msituni ni kazi ya siku moja ya kijana anayejua kupanda. Ndiyo maana, wakati peruche alipokuwa anazaliwa Ubelgiji, kasuku aliendelea kuzaliwa Maniema, Tshopo na Shabunda na kuuzwa toka huko. Hakuna aliyemtengenezea mababu wapole. Kila kasuku wa pori aliyefika kwenye kitundu alikuwa wa kwanza katika ukoo wake.

Nilimuuliza mujomba hatimaye, jioni moja, akiwa anakula. Alieleza bila shida, kwa maana kwake haikuwa siri. Wakubwa wanakamatwa na ulimbo: utomvu unachemshwa mpaka unavuta, unapakwa kwenye fimbo, fimbo zinapandishwa juu ya mti wanakotua, na kasuku mmoja anafungwa hapo hapo ili aite wenzake. Wanakuja kwa sababu ameita. Wananasa, wanaanguka, wanakatwa mabawa papo hapo. Wadogo ni rahisi zaidi. "Kijana anapanda, anaingiza mukono mu shimo, anawatosha."

Pale nilisimama kidogo. Mkono wa kwanza ambao kasuku wangu aliuona maishani uliingia kupitia mlango wa nyumba yao. Wa pili ulishika makasi. Kisha ile safari: kikapu, pikipiki, bido, ndege ya mizigo. Kisha mkono wangu mimi, tena kutoka juu, tena ndani ya tundu. Na mimi nikasema ndege huyu ana tabia mbaya.

Ukubwa wa jambo hili haukai Shabunda peke yake. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vya pori kati ya mataifa, ulitiwa sahihi Washington 1973, na Zaire yetu iliingia 1976. Kasuku wa kijivu aliwekwa kwenye orodha ya pili mwaka 1981: unaweza kumuuza, ila kwa vibali na koti. Tangu 1975 zaidi ya kasuku milioni moja wa pori walivuka mipaka kwa karatasi halali, na hao ni wale walioandikwa. Koti ya RDC ilikuwa 5,000 kwa mwaka kwa muda fulani. Waliokufa kati ya mti na uwanja wa ndege hawakuhesabiwa kwenye koti.

Marekani ilijifungia 1992 kwa sheria ya ndege wa pori, Umoja wa Ulaya ukafuata kati ya 2005 na 2007 kwa hofu ya homa ya ndege. Soko likageukia kwingine. Afrika ya Kusini ilijenga vituo vikubwa vya kuzalisha kasuku, ambavyo navyo vilihitaji wazazi, na wazazi walitoka kwetu. Desemba 2010 kasuku zaidi ya 700 waliotoka RDC walikutwa wamekufa ndani ya ndege ya abiria iliyotoka Johannesburg kwenda Durban. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, sikusikia chochote, na nadhani hata nyinyi hamkusikia.

Ghana, ambako zamani walikuwa wengi mno, watafiti walikuta kwamba wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016, mkutano wa CITES ulioketi Johannesburg uliwapandisha orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya wale wa pori, kuanzia 2 Januari 2017. Serikali yetu iliweka pingamizi. Na nyumbani sheria Na. 14/003 ya 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa viumbe asili ilikuwa imekwisha toka miaka mitano kabla ya bido la mujomba, na mimi mwenye lisansi sikuwa nimeisoma.

Nirudi kwenye kuuma. Kitu kilichonifungua macho ni kisa cha Alex, ambacho nilikisoma kwa megabaiti za kukopa usiku. Alex alikuwa kasuku wa kijivu aliyenunuliwa Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg. Aliishi naye katika maabara miaka 30, akajifunza majina ya vitu zaidi ya hamsini, rangi, maumbo, na hesabu ndogo. Alikufa Septemba 2007. Watu wanamkumbuka kwa hesabu. Mimi nilishikwa na kitu kingine: alijifunza kusema hapana, na akaitumia. Akichoka na jaribio, anakataa kwa neno, au anaomba kurudishwa mahali pake, na mtu anasikia.

Kasuku wa msituni naye ana hapana yake, ni mabawa. Ukimkaribia anaruka, mazungumzo yamekwisha, hana sababu ya kukuuma. Ukimkata mabawa umemwondolea hapana ya kwanza. Inabaki ya pili, kuganda na manyoya kujibana. Inabaki ya tatu, ile ngurumo. Ukizipita zote kwa sababu huzielewi, inabaki moja tu, na hiyo unaielewa mara moja. Tena ukivuta mkono baada ya kuumwa, umemfundisha kwamba hii ndiyo inayosikika. Kesho hatasumbuka kunguruma, ataanza na damu.

Hata peruche mdogo wa jirani, ukimtazama vizuri, anaongea lugha hiyo hiyo kwa sauti ndogo. Mama wa yule binti alinieleza jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa macho yangu yote ya chuo. Ndege mchanga anapopewa kidole, kwanza anakigusa na mdomo kujua kama ni kigumu, kama mtu mzima anavyojaribu ubao wa daraja kwa mguu. Si kuuma, ni kuuliza. Mtoto anaogopa, anavuta kidole, ndege anaanguka. Mara ya pili ndege anashika kwa nguvu ili asianguke. "Njo pale munasema analuma," alisema. Binti yake alifundishwa kutosogeza kidole. Baada ya wiki mbili iliisha.

Kwa kasuku wangu haikuwa wiki mbili. Niliacha kabisa kuingiza mkono. Nilimtoa kwenye bido, mujomba akanisaidia kutengeneza kitundu kikubwa cha mbao na waya chenye mlango wa pembeni, ili kitu chochote kisimjie tena kutoka juu. Kila jioni nilikaa karibu nimempa ubavu, nikisoma makaratasi yangu ya muhogo kwa sauti. Maskini, alisikia habari zote za inzi weupe. Nilikuwa naacha ngazi mbili tatu kwenye kikopo na kuondoka. Elaeis guineensis, chakula chake cha msituni. Mafuta yake tunapikia sisi, nyama yake anakula yeye kwa mguu mmoja kama mtu anayekula hindi. Akinguruma, narudi hatua moja nyuma. Hiyo tu. Mama alicheka: "Mutu wa lisansi anatii ndege."

Mwezi wa pili ngurumo zilipungua. Mwezi wa tatu alichukua ngazi kwenye ncha ya fimbo, kisha fimbo fupi, kisha vidole. Aliniuma mara mbili katika muda huo, na mara zote mbili, nikijisema ukweli, nilikuwa na haraka.

Halafu ikaja siku ambayo manyoya ya mabawa yalikuwa yamekwisha kuota. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nilimnyooshea mkono naye hakuutaka. Akanguruma kidogo, nikachelewa kusikia. Zamani pale angeuma. Akaruka. Alipita juu ya meza, akagonga pazia, akatua juu ya kabati la vyombo, anahema, ananitazama. Toka siku hiyo hakuniuma tena hata mara moja. Alikuwa amerudishiwa hapana yake.

Ningeweza kuishia hapo na mngesema vizuri. Lakini kasuku anayeruka ndani ya nyumba ya vyumba viwili Kadutu ni tatizo, na mujomba alikuwa amepata mtu mwenye pesa, wa upande wa Nguba, aliyemtaka kwa sababu sasa "amekuwa mupole". Upole ndio ulioleta bei. Kazi yangu ya miezi sita ilikuwa imemwongezea bei, na yule bwana, neno la kwanza aliloliuliza kwenye simu lilikuwa kama mabawa yamekatwa.

Tulibishana na mujomba kwa heshima, kisha bila heshima. Mama ndiye aliyemaliza: zawadi ikisha tolewa, haiuzwi na aliyeitoa.

Januari 2020 nilimpeleka Lwiro. Mnapajua: majengo yale makubwa ambayo Wabelgiji walijenga kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1947, leo CRSN. Humo tangu 2002 kuna kituo kinachopokea sokwe yatima na nyani, na kasuku pia wanafikishwa pale. Mlinzi alimpokea kwa taulo, si kwa mkono. Kasuku alinguruma, akamuuma taulo. Sikuwa na cha kusema.

Mwaka uliofuata nilipiga simu kuuliza hali yake. Waliniambia amewekwa na wenzake, na wafanyakazi hawaongei naye, kwa maana anayetegemea watu hawezi kurudi msituni.

"Yule yako hakubali tena mutu amuguse," mlinzi alisema. "Juzi aliluma munganga."

Nikasema pole.

"Pole ya nini? Hapa njo ile tunatafuta."